Ushirikiano kazini unafia pale zamu zinapopokezana

#1 Zamu ya Usiku

Wakuu, habari za asubuhi. Nimetoka kazini sasa hivi, nimekaa kwenye benchi la mama ntilie hapa Igogo na chai ya rangi mbele yangu. Kuna jambo nimelibeba miaka minne, leo nataka nilitue hapa jamvini. Ni refu, mwenye nafasi anivumilie.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Jina lake siliweki. Nilianza kama mpasuaji, nikasimama kwenye meza ya kisu miaka sita, sasa nasimamia zamu ya usiku. Kwa asiyejua kazi yetu: samaki anaingia akiwa kwenye barafu, anaoshwa, anapasuliwa, anachunwa ngozi, mnofu unasafishwa, unapimwa, unapangwa kwenye trei, unagandishwa, unaingia kwenye katoni, katoni inaingia chumba cha baridi. Mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, yanatokea mlango wake; mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yana watu wake na kufuli lake. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema huu mnofu nimeutengeneza mimi. Unapita mikononi mwa watu kumi na zaidi. Mmoja akichelewa, wa mbele yake anasimama mikono mitupu na wa nyuma yake anazidiwa, na sangara akishatoka majini hamsubiri mtu.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Chumba cha baridi kinatakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hapo. Kila saa kuna mtu anasoma kipimo na kuandika kwenye daftari. Usiku ule alikuwa kijana mwenye miezi mitano kazini. Saa nane akakuta kipimo kinasoma 14. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika kwa chini, baridi inavuja, ule ukungu wake unaonekana kabisa ukitambaa sakafuni. Aliuona. Akaandika 18.

Saa tisa, 18. Saa kumi, 18. Saa kumi na moja, 18. Mwandiko uleule, kalamu ileile, na kipimo kinazidi kupanda.

Msiharakishe kumhukumu. Wiki moja kabla, mwenzake alikuja kuniambia kwamba kreti imemponyoka na minofu imegusa sakafu. Nilimuuliza mbele ya meza nzima, kwa sauti: macho yako yalikuwa wapi? Nikamtoa kwenye meza, nikampa fagio na mpira wa maji mpaka kunakucha. Kijana wa kipimo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, akiangalia. Kwa hiyo saa nane ile alipoona 14 hakuwaza samaki. Aliniwaza mimi.

Saa moja asubuhi wa mchana wakaingia. Nilikuwa nawahi daladala ya Buswelu, nikasaini daftari bila kulisoma. Mwenzangu akasaini chini ya saini yangu bila kufungua mlango wa chumba. Mtu wa ubora alipoingia saa nne na kile kipimo cha kuchoma kwenye mnofu, katoni za karibu na mlango zilikuwa zimelegea, ukibonyeza kwa kidole zinaingia. Mzigo ule haukwenda tena nje. Wanaokumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipofunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria, wanajua kwa nini kila mtu pale ndani alikosa rangi. Sisi wa kanda hii tunajua mnofu mmoja mbaya unaweza kufunga mlango wa watu wangapi.

Uongozi ukatuletea semina. Siku mbili, ukumbi wenye upepo wa ziwa, fulana mpya, mwezeshaji kutoka Dar, na mchezo wa kuvuta kamba. Sina ubaya na mwezeshaji, alisema mengi ya kweli. Lakini Jumatatu tulirudi kwenye daftari lilelile, na zamu zetu zikaendelea kupishana getini, huyu anaingia na yule anatoka, bila hata kusimama.

Aliyetubadilisha ni fundi wa mitambo ya baridi, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliomba jambo dogo: msimamizi anayetoka abaki dakika 20, anayeingia awahi dakika 20, wote wawili wazunguke kwa miguu kuanzia kwenye kompresa mpaka mlango wa kupakilia, daftari mkononi. Dakika hizo zilipwe kama kazi ya ziada. Tulinung'unika, mimi zaidi ya wote, kwa sababu dakika 20 za asubuhi kwa mtu aliyekesha ni kama masaa mawili.

Katika kuzunguka huko kuna mambo matatu lazima yasemwe kwa mdomo: nini kimeharibika, nini hakijaisha, na nani hayuko sawa. Hilo la tatu niliona halina uzito. Mpaka asubuhi moja mwenzangu aliponiambia kuwa kuna mama kwenye meza ya kupasua amefiwa na mdogo wake juzi, kaja kazini kwa sababu akikosa siku anakosa hela. Kumwachia mtu mwenye msiba kisu cha kupasulia sangara wa kilo 20 ni kumtafutia ajali. Zamu ikahamishia hiyo habari kwenye zamu, na kila aliyeipokea akamweka kwenye katoni, mpaka wiki ile ikaisha. Hakuna aliyemuuliza maswali. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alijua tumepanga, na kwamba hajawahi kufanya kazi mahali watu wakapanga kitu kwa ajili yake.

Jambo la pili mzee aliniambia mimi peke yangu, tumekaa kwenye makreti. Mtu akikuletea habari mbaya, neno la kwanza litoke: asante, twende tukaone. Maswali yaje baadaye, na yaje faragha. Nilijizoeza neno hilo kama mtoto anavyozoezwa shikamoo. Wiki za mwanzo lilikuwa linanikwama kooni.

Miezi mitatu baadaye daftari la hitilafu lilijaa. Meneja akaniita, akidhani kiwanda kimeharibika mikononi mwangu. Bahati nzuri mpwa wangu anayesoma chuo pale Malimbe alikuwa amenisimulia habari za mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akitegemea kwamba timu zenye maelewano mazuri zitakuwa na makosa machache. Akakuta kinyume chake, hizo ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyomwingia akilini ni kwamba watu wa timu hizo hawakuwa wanaficha. Mwaka 1999 akachapisha utafiti mwingine wa timu 51 za kampuni moja ya viwandani, na pale ambapo watu waliamini hawataaibishwa wakisema, ndipo walipojifunza na kufanya kazi vizuri zaidi. Nikamwambia meneja: bosi, makosa hayajaongezeka, yameanza kuandikwa. Akanipa miezi mingine mitatu. Hajanirudia tena kwa hilo.

Swali langu kwenu: kazini kwenu mnakabidhianaje? Nataka kusikia wa kila kazi. Nawasilisha.

#2 Wodi ya Watoto

Mkuu umenigusa. Mimi ni muuguzi, hapahapa Kanda ya Ziwa, miaka 14 sasa. Zamani ripoti tulikuwa tunapeana tukiwa tumekaa mezani, faili moja baada ya jingine, wagonjwa wako kule. Siku hizi wodini kwetu tunapeana mbele ya kitanda. Anayetoka anasema, anayeingia anashika dripu kwa mkono wake, anaangalia inakotiririka, anamwangalia mtoto usoni, na mama wa mtoto naye anasikia. Mara mbili mama ndiye aliyetusahihisha: hapana dada, dawa ya saa sita hajapewa. Tungekuwa mezani asingetusikia.

Niongeze jambo moja kwenye hilo la Edmondson. Shirika la Afya Duniani lilileta orodha ya ukaguzi wa upasuaji, na majaribio yake yalifanyika kwenye hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalitoka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Humo ndani kuna mambo ya dawa na vifaa, lakini kuna kitu watu wanakipita haraka: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Hata mhudumu. Mtu akishatoa sauti mara moja mbele ya daktari bingwa, mara ya pili hashindwi kusema, daktari, subiri kidogo.

#3 Kibarua wa Getini

Nimesoma yote kwa heshima, lakini mleta uzi kuna watu hujawagusa. Mimi nimesimama kwenye geti la viwanda hivyo saa kumi na moja alfajiri, tuko arobaini, wanahesabiwa ishirini na tano, wengine rudini kesho. Ukiingia unapangiwa meza usiyoijua, na watu usiowajua. Jioni unalipwa unaondoka. Kesho tena hujui kama utaitwa. Mtu wa namna hiyo unamwambia ushirikiano, ashirikiane na nani? Akisema mpira wa mlango umechanika, kesho hahesabiwi, basi. Wala hakuna wa kumfokea, ni kutohesabiwa tu. Halafu kuna saa. Tumewahi kupiga saa kumi na mbili, tukalipwa siku moja.

Malipo kwanza mkuu. Hayo mengine yanafuata.

#4 Zamu ya Usiku

Kibarua, sikupingi, na naomba radhi kwa kuwapita. Ulichosema ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyoandika pale juu.

Kwenye saa sheria iko wazi, na nimeibandika kwenye ubao wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni kazi ya ziada, inalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa. Anayefanya kazi usiku ana nyongeza ya asilimia 5. Anayewapigisha watu saa kumi na mbili kwa malipo ya siku moja anawaibia, na watu wanaoibiwa hawawezi kuwa timu ya anayewaibia. Hilo nalikubali bila neno la kuongeza.

Kuhusu kuhesabiwa, nilichoweza kukifanya ni kidogo. Vibarua waliokuwa wanatawanywa kila siku, niliomba wale wanaorudi warudi meza ileile. Meza ya tatu ina watu walewale tangu mwaka jana, majina yao yako kwenye karatasi yangu na karatasi hiyo iko kwa mlinzi wa geti. Ukitazama mikono yao unaelewa. Mchuna ngozi anasukuma mnofu bila kuinua macho kwa sababu anajua mkono wa mwenzake uko wapi. Marekani, bodi yao ya usalama wa usafiri ilipitia ajali 37 kubwa za ndege na kutoa ripoti mwaka 1994. Kwa zile ambazo taarifa zilipatikana, nyingi zilitokea siku ya kwanza ya marubani wale kuruka pamoja. Kila mmoja wao alikuwa na leseni na uzoefu, lakini walikuwa hawajazoeana.

Napigania meza ya nne sasa. Sijafanikiwa.

#5 Nahodha wa Kome

Salamu kutoka kisiwani. Sisi ni wa dagaa, mtumbwini tuko wanne. Tunaingia kipindi cha giza, taa tunaziacha zinaelea, tunasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga, ndipo tunazungushia wavu. Katikati ya ziwa usiku hakuna ofisi ya malalamiko, kwa hiyo haya mambo tunayajua kwa njia yetu.

Kanuni kwangu ni moja. Yeyote kati ya wanne akisema upepo umegeuka, tunakunja. Hatupigi kura. Mwaka juzi kijana wetu mdogo kuliko wote, miaka 19, akasema kaka, hewa imebadilika, mimi naogopa. Wavu ulikuwa bado haujajaa hata robo. Tukakunja, tukarudi na makarai mawili. Tumefika ufukweni, ziwa limetulia kama maji ya beseni mpaka asubuhi, na mitumbwi ya wenzetu ikarudi imejaa.

Wale wawili wakubwa walikuwa na hasira, na ni haki yao, mafuta yalikuwa yameteketea na mgao wa usiku ule haukununua hata unga. Niliwaambia hasira zao wazilete kwangu. Kijana sikumwambia kitu, nilimwambia tu saa ya kuondoka kesho yake. Kama miezi miwili baadaye akasema tena. Usiku huo tulipofika mchangani mvua ya mawe ilikuwa nyuma yetu. Ningemfokea ile mara ya kwanza, hii ya pili angenyamaza.

#6 Msukuma wa Magu

Mwangaluka wakuu.

Mleta uzi umetaja kuvuta kamba kwenye semina. Kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima jambo hilohilo na matokeo yake yakachapishwa 1913. Aliwapa watu kamba, akapima nguvu. Kadiri walivyoongezeka, kila mmoja alizidi kutoa kidogo. Walipofika wanane, kila mtu alikuwa anatoa karibu nusu ya alichokuwa akitoa peke yake. Kiasi ni kwa sababu hawavuti kwa pamoja, na watafiti waliomfuata wakaona kuna kitu kingine: mtu akijua hapimwi, analegea.

Sasa waangalieni bugobogobo. Wengi wanaijua kama ngoma ya kucheza, ukienda kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora wanakuonyesha majembe yakirushwa juu. Lakini ilianzia shambani. Ngoma inapigwa, watu wako kwenye mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Mdundo unawapa wote wakati mmoja, na mstari unaonyesha aliyebaki nyuma. Babu yangu alikuwa akisema aliyebaki nyuma haachwi, anayemaliza mstari wake anarudi kumpokea. Sijawahi kuona ofisi yenye vyote viwili.

#7 Karani Nyakato

Nimefaidika sana. Naomba ushauri, maana sisi hatuna zamu, ni ofisi ya watu tisa. Tuna kundi la WhatsApp la kazi. Bosi anaandika humo saa tano usiku, nani alituma ankara yenye makosa, anaambatanisha na picha ya ankara yenyewe. Watu tisa wanasoma, hakuna anayejibu. Asubuhi tunaingia ofisini kila mtu kimya. Wawili kati yetu hawasalimiani tangu Machi kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyepeleka maneno. Nianzie wapi?

#8 Wodi ya Watoto

Dada (au kaka, nisamehe), anza na bosi, na umfuate ana kwa ana. Usimwambie anakosea. Mwombe jambo moja tu: makosa ya ankara yasiwekwe kundini, yaongelewe asubuhi dakika kumi mkiwa mmesimama, na kila ankara iwe na jina la aliyeiandaa na aliyeikagua. Sisi tulikuwa na ugomvi wa namna hiyo wa dawa kupotea kabatini. Siku tulipoanza kusaini wawili wawili, maneno ya nani kapeleka yakaisha yenyewe, hayakuwa na pa kushika. Hao wawili wasiosalimiana wapeni ankara moja waikague pamoja. Msiwaite kwenye kikao cha kupatanishwa, watazidi kukaza.

#9 Zamu ya Usiku

Namuunga mkono muuguzi. Nitaongeza kwamba bosi akikataa, nyie tisa mnaweza kuanza na zile dakika kumi bila yeye. Sisi tulianza watu wawili tu.

#10 Mwaloni Kirumba

Uzi mzuri, lakini hujatuambia: yule kijana wa kipimo ilikuwaje, alifukuzwa?

#11 Zamu ya Usiku

Barua yake ilikuwa imeshachapwa. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia kwamba kwenye ukurasa ule kuna saini tatu, ya kwake, yangu na ya msimamizi wa mchana, kwa hiyo zichapwe barua tatu. Alikaa kimya muda mrefu. Tulipewa onyo sote watatu, na mimi nilikatwa posho ya usimamizi miezi miwili. Yule mwingine wa kreti, niliyempa fagio, nilimwomba radhi mbele ya meza ileile, kwa sababu nilimfokea mbele yao.

Kijana yupo. Yeye ndiye anayewafundisha wapya kusoma kipimo. Daftari la mwaka ule lilishajaa, likawekwa kabatini, lakini ana ruhusa ya kulitoa. Mpya akifika anamfungulia ukurasa wa usiku ule, anamwonyesha zile 18 zimepangana, halafu anampeleka mlangoni, wanachuchumaa wote wawili, anamshikisha mpira wa chini kwa vidole. Anamwambia ukihisi ubaridi hapa, njoo uniamshe, hata kama nimelala kwenye muda wangu wa mapumziko.

Juzi ameamshwa saa tisa. Mpira ulikuwa mzima, mlango tu haukufungwa vizuri. Kipimo 17. Kimeandikwa 17.

Nalala sasa wakuu, jioni naingia tena. Wengine nitawajibu kesho asubuhi nikitoka.